Wiki sita, kompyuta moja, watoto watatu: nilivyopima michezo na masomo ya mtandaoni

Siku ya tatu ya likizo, saa nne asubuhi, nilikuwa katikati ya kujumlisha hesabu za mteja niliposikia swali ambalo kila mzazi anayefanyia kazi nyumbani analijua: "Mama, tufanye nini?" Waliuliza wote watatu, kila mmoja kwa namna yake. Kifungua mimba, binti wa miaka 11, aliuliza kama mtu anayewasilisha malalamiko rasmi. Wa kati, mvulana wa miaka 8, aliuliza akiwa amelala chali sakafuni, miguu ukutani. Kitinda mimba ana miaka 4, na kwa kweli yeye hakuuliza. Alirudia neno la mwisho tu, "nini, nini, nini", mpaka safu niliyokuwa naijumlisha ikanipotea.

Wiki sita zilikuwa bado mbele yangu. Kazi yangu ni hesabu za watu, na mtu wa hesabu akibanwa hufungua daftari. Nikachora safu tatu. Ya kwanza jina la tovuti au programu, ya pili dakika, na ya tatu ndiyo niliyoitegemea: kilichotokea nilipozima skrini. Humo niliandika herufi moja tu. K ni kilio pamoja na jamaa zake, kununa, kubishana, kubamiza mlango. N ni "nimechoka", yaani mtoto ametoka kwenye skrini kama mtu aliyetoka kwenye foleni. M ni mbio: kimezimwa, na mtoto amekimbilia jambo linalotokana na alichokuwa akikifanya, awe ameshika karatasi, mkasi, au shati la ndugu yake. Huo ndio utaalamu wangu wote wa elimu. Nyota sitoi.

Niseme na vifaa, maana mapendekezo mengi ya aina hii huandikwa kana kwamba kila mtoto ana chumba chake na mashine yake. Sisi tuna kompyuta mpakato moja ya zamani, ambayo mpaka adhuhuri ni jembe langu. Tuna kishikwambi chenye ufa kwenye kona. Tuna simu yangu. Intaneti ni ya bando, na bando huisha. Kwa hiyo kila nilichokijaribu nilikiuliza maswali mawili mapema: mtandao ukikatika kinaendelea? Na mtoto anahitaji Kiingereza kiasi gani ili akifaidi?

Nilianza kwa kosa la watu wenye haraka. Nililipia. Ilikuwa kambi ya likizo ya mtandaoni, jina sitalitaja, yenye tangazo la watoto wanaocheka mbele ya skrini na ahadi ya siku saba za bure. Siku ya saba ikaangukia siku niliyokuwa nafunga hesabu za mwezi. Nilipokuja kukumbuka, ada ya mwaka mzima ilikuwa imeshakatwa. Kitufe cha kujiunga kilikuwa kikubwa kama mlango. Cha kujiondoa nilikikuta ukurasa wa nne, kwa maandishi ya kijivu, na njiani kila ukurasa uliniuliza kama kweli nataka kumnyima mwanangu fursa. Mimi, ambaye huwaambia wateja wasome mkataba mpaka chini!

Hayo ningeyameza kama darasa lenyewe lingekuwa darasa. Mwalimu mmoja, vidirisha vya watoto mpaka skrini imejaa, sauti zote zimefungwa. Binti yangu alibonyeza ile alama ya kunyoosha mkono na kuiacha hapo dakika 12. Nilihesabu. Kisha akaiondoa mwenyewe, bila neno. Kaka yake, kinyume chake, aliipenda mno, kwa sababu kila jibu sahihi lilimpa sarafu za kununulia kofia za kijoka chake. Wiki ilipoisha kijoka kilikuwa na kofia tisa, na nilipomuuliza walijifunza nini akaniambia kofia ya kumi ni ya maharamia. Daftari linasema: K, K, K, N, K.

Tangu hapo sharti likawa nimalize kwanza vya bure. Sijavimaliza mpaka leo.

Kilichobeba likizo yetu ni Scratch. Ilitengenezwa katika maabara ya MIT Media Lab huko Marekani, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2007, na tangu siku ya kwanza ni bure. Wenyewe wanasema ni ya umri wa miaka 8 hadi 16. Mtoto anatunga mchezo au katuni kwa kuunganisha vipande vya rangi vyenye amri, mfano wa vile vya plastiki vya kujengea: kisichofaa mahali hapo hakinasi. Uzuri wake uko hapo. Mtoto anayeanza kuandika programu kwa maneno hukwamishwa na nukta aliyoisahau, akadhani hana akili ya kompyuta. Huku nukta hakuna, na anachokosea ni mawazo yenyewe, nayo yanarekebishika.

Juu ya ukurasa kuna alama ya dunia ya kuchagua lugha. Binti yangu aliibonyeza kwa udadisi tu, akashuka na orodha mpaka akakuta Kiswahili. Akanyamaza kidogo. "Mama, wametuweka." Kwa swali langu la pili hilo lilikuwa jibu tosha, na ndiyo sababu kaka yake, ambaye Kiingereza chake bado ni cha kubahatisha, aliweza kukaa naye.

Alianza na paka anayekwepa mawe yanayoanguka kutoka juu. Mawe yote yakawa yanaangukia sehemu ileile, paka akasimama pembeni akijishindia alama bila jasho. Ilimchukua alasiri nzima kugundua kuwa anahitaji namba ya kubahatisha, ili kila jiwe lijichagulie pa kuanzia. Hapo ndipo alipogongana na uwanja wa Scratch, ambao katikati yake ni sifuri, kulia kabisa ni 240 na kushoto kabisa ni hasi 240. Shuleni hawajafika kwenye namba hasi. Alinijia na swali moja, "mbona upande huu zina kistari?", nikamwambia ni upande wa madeni. Mzaha wa mhasibu, lakini uliingia. Siku mbili baadaye nilimsikia akimfundisha ndugu yake kwamba jiwe liko "kwenye deni la mia mbili".

Ndugu mwenyewe hakutaka kutunga, alitaka kuharibu. Aliongeza mwendo wa mawe mpaka paka akakosa pa kukimbilia, akacheka mpaka kwikwi ikamshika. Dada mtu akaja juu. Wakagombana, wakasuluhishana, na suluhu yao ikawa kitufe cha kuchagua ugumu. Sijui kambi ipi ingewafundisha hilo kwa wiki moja. Kwenye Scratch pia kila mchezo uliochapishwa unaweza kuufungua tumbo, ukaona vipande vilivyouendesha, ukatengeneza toleo lako. Huyu mharibifu wangu alipata humo riziki ya wiki tatu.

Mambo ya mzazi kuyajua kabla. Huhitaji akaunti ili kutunga. Akaunti ni ya kuhifadhi mtandaoni, kuchapisha na kuandika maoni, na unapoifungua wenyewe wanaonya mtoto asitumie jina lake halisi. Wiki mbili za mwanzo sikufungua akaunti. Pia kuna toleo la kupakua kwenye kompyuta ambalo likishaingia halihitaji mtandao kabisa. Lipakue siku ya kwanza. Mimi nilingoja mpaka wiki ya pili, bando likiwa limekonda, na hiyo ni juu yangu.

Daftari la Scratch lina M nyingi kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu binti alikuwa akizimiwa anakwenda kuchora mawe na paka kwenye karatasi akipanga ya kesho. Lina K mbili. Zote mbili nilizima kabla hajahifadhi kazi yake, na hata mimi ningelia.

Kitinda mimba alipewa ScratchJr, ndugu mdogo wa hiyo, ya miaka 5 hadi 7. Ni programu ya kishikwambi, vipande vyake ni picha tupu, kwa hiyo asiyejua kusoma anakwenda nayo, na ikishapakuliwa haidai mtandao. Wangu yuko chini ya umri, alitunga kazi moja tu wiki zote sita: paka anatembea, anasimama, anasema "nini" kwa sauti aliyoirekodi yeye, anatoweka. Aliirudia kwa kila mgeni. Kwa umri wake nilikuwa na saa ya kengele pembeni. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja kwa siku ya kukaa mbele ya skrini, na ikipungua ni bora. Kwetu ilikuwa dakika 20 asubuhi na 20 jioni. Kuna siku nilizivuka, daftari linajua.

Sasa dubu.

Tovuti ya explore.org inarusha mbashara kamera za wanyama kutoka pembe nyingi za dunia, bure, bila kujisajili. Iliyotunasa sisi iko Brooks Falls, ndani ya hifadhi ya taifa ya Katmai, Alaska. Kuanzia mwishoni mwa Juni na kwenye Julai yote samaki aina ya samoni hupanda mto kwenda kuzaa, na kwenye maporomoko, ambayo si marefu hata kidogo, dubu wa kahawia husimama juu ya ukingo wa maji wakiwa wameachama. Samaki anaruka, anajiingiza mdomoni mwenyewe. Mara ya kwanza kuliona hilo sisi wanne tulipiga kelele kama watu wanaoangalia mpira.

Msimu wao unaangukia kipindi ambacho watoto wengi duniani wako nyumbani. Mvulana wangu, asiyekaa na kitu dakika kumi, alikaa na dubu dakika arobaini. Wahifadhi huwaita kwa namba, na hilo lilimpendeza kuliko majina. Akaomba ukurasa wa daftari langu, akachora safu zake mwenyewe, namba ya dubu, samaki aliowakamata, samaki waliomponyoka. Nilijisikia vizuri kwa namna ambayo sitaieleza hapa. Ikizimwa, alikuwa anapanda juu ya kochi, anaachama, na kumwamuru mdogo wake amrushie soksi. M. M kubwa.

Lakini mbashara ni mbashara. Julai 2024 watazamaji wa kamera hizo walimwona mtoto wa dubu namba 128, anayeitwa Grazer, akisombwa na maji kupita maporomoko na kushambuliwa na dume mkubwa namba 32, Chunk. Mama alipigana naye; mtoto akafa. Oktoba ya mwaka huohuo, kwenye kura ya mtandaoni ya kumchagua dubu aliyenenepa kuliko wote, Fat Bear Week, ambayo imekuwapo tangu 2014, Grazer alimshinda Chunk huyohuyo. Niliyasoma hayo kabla sijamwachia mwanangu kamera, na nikaamua kwamba dubu tutawaangalia nikiwa chumba kimoja naye, hata kama macho yangu yako kwenye hesabu. Nikamsimulia mwenyewe habari ya Grazer. Aliuliza kama Chunk aliomba msamaha. Nikasema dubu hawaombi. Akasema basi hampigii kura, na amekaa na msimamo huo.

Kingine ni bando. Picha ya mbashara inakula bila huruma. Tuliishusha ubora mpaka dubu wakawa na ukungu kidogo, tukaweka siku tatu kwa wiki. Na angalia saa za Alaska kabla hujawakusanya watoto, la sivyo utawaita kuangalia giza.

Kwa mdogo dubu walikuwa wakubwa mno. Yeye nilimpa yavuyavu wa Monterey Bay Aquarium, jumba la viumbe wa bahari huko California, ambalo nalo lina kamera za mbashara: yavuyavu, papa, fisimaji wa baharini, msitu wa mwani. Yavuyavu hawafanyi lolote. Wanapanda, wanashuka, wanafumba, wanafumbua. Mtoto aliyekuwa akirukaruka alianza kupumua nao. Siandiki herufi hapa, kwa sababu mara tatu kati ya nne nilizima akiwa amelala.

Nitapita haraka kwenye vilivyofuata, vingine vizuri lakini havikunikalisha.

Khan Academy Kids ni programu ya miaka 2 hadi 8, bure kabisa, haina matangazo, na hilo peke yake ni nadra kwenye programu za watoto. Kuna dubu na tembo wa kuhesabu naye, herufi, vitabu vya kusomewa. Imejengwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mtoto wa Kiswahili anamhitaji mtu pembeni wa kumwambia wanachosema, na kipindi hicho mtu huyo alikuwa dada yake kwa malipo ya kubembelezwa.

Chrome Music Lab ya Google, iliyotoka 2016, haihitaji akaunti wala maelezo. Unapaka rangi kwenye vijisanduku, unasikia wimbo. Watoto wote watatu waliielewa kwa sekunde, na mimi pia niliielewa, kupitia ukuta, kwa saa nzima. Vipokea sauti vya masikioni ni lazima.

Lichess, kwa sataranji, ni bure na haina matangazo. Inaendeshwa na shirika lisilo la faida la Ufaransa. Mtoto anaweza kucheza na kompyuta bila kujisajili. Ukifungua akaunti, iwashe ile hali ya watoto, ambayo inafunga mazungumzo yote na wageni. Kitufe hicho kimoja kinaniambia waliotengeneza wamewahi kukaa na mtoto.

PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ilianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyekuwa ametoka kushinda Nobel ya fizikia mwaka uliotangulia. Ni majaribio ya sayansi ya kuchezea kwenye skrini, mengine yametafsiriwa kwa Kiswahili. Kwenye lile la umeme unaunga waya, betri na balbu, na ukiunganisha vibaya moto unawaka. Nadhani unaelewa nani aliliunganisha vibaya, na mara ngapi. Afadhali awake humo kuliko kwenye soketi zangu.

Zooniverse inastahili maneno zaidi. Ni jukwaa ambamo wanasayansi huweka picha wasizoweza kuzimaliza peke yao na kuomba watu wa kawaida wawasaidie kuzitambua. Mizizi yake ni Galaxy Zoo ya mwaka 2007, mradi wa kupanga galaksi kwa maumbo yake. Mwaka huohuo mwalimu wa Uholanzi, Hanny van Arkel, aliona kwenye picha mojawapo doa la ajabu, likaja kujulikana kuwa ni wingu kubwa la gesi, na mpaka leo linaitwa Hanny's Voorwerp, kitu cha Hanny. Binti yangu aliposikia kwamba hakuwa mwanasayansi wa nyota bali mwalimu wa shule, alivuta kiti.

Yeye alichagua wanyama. Mradi uliofungua njia hiyo humo ni Snapshot Serengeti wa mwaka 2012, wenye kamera 225 zinazojifyatua zenyewe kitu kikipita mbele yake. Unaonyeshwa picha, unasema ni mnyama gani, wangapi, wamelala au wanakula. Picha moja huonwa na watu wengi kabla ya kukubaliwa, kwa hiyo mtoto akimwita fisi bweha hajaharibu sayansi. Niliwaonya mapema kuhusu majani. Upepo nao hufyatua kamera, na utaona majani, majani, sikio, majani. Mvulana alijiuzulu siku ya kwanza, N. Dada yake alivumilia, na kwa kuwa maelezo mengi yako kwa Kiingereza alijitengenezea orodha yake ukutani: nyumbu, pundamilia, kongoni, swala tomi, tohe. Tuligombana juu ya tohe na swala granti siku mbili. Miradi hufungwa picha zikiisha, kwa hiyo usijifunge na mmoja. Fungua ukurasa wa miradi uone ipi iko hai.

Iliyonishangaza ni Seek, kwa sababu ni programu ya simu inayomtoa mtoto nje. Ni ya watu wa iNaturalist, jukwaa la mtandaoni la kurekodi mimea na wanyama watu wanaowaona, ilitoka 2018, na haihitaji akaunti. Unaielekezea jani au mdudu, nayo inashuka ngazi kwa ngazi, ni mnyama, ni mdudu, ni mbawakawa, mpaka pale uhakika wake unapoishia. Isipojua jina la mwisho inasimama kwenye jenasi au familia, yaani kundi la viumbe wanaokaribiana, na kusema hivyo. Laiti watu wazima wote tungekuwa hivyo. Inafanya kazi hata bila mtandao.

Mgonjwa wao wa kwanza alikuwa yule anayekaa nyuma ya taa ya ukumbi. Simu ikasema Hemidactylus. Mimi nikasema mjusi kafiri. Basi ukazaliwa mchezo ambao programu haikuupanga: simu inataja jina lake la kisayansi, mama anataja la Kiswahili, na mama akishindwa anadaiwa. Jongoo nilijua, tandu nilijua, kifaurongo nilijua na nikashangiliwa. Kwenye nondo nilibaki nikisema "nondo" kwa aina saba tofauti, wakaniandikia deni la saba. Tatizo ni kwamba simu ni yangu. Mteja alipiga mara moja, akapokewa na mtoto wa miaka minne aliyemwambia "jongoo" na kukata.

Nimeacha African Storybook mwisho kwa sababu ndiyo ninayoitaka zaidi watu waijue. Ni mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini: hadithi fupi za watoto zenye picha, kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, bure kusoma, kupakua, kuchapa na hata kubadilisha. Zimepangwa kwa ngazi, kuanzia zenye maneno machache kwa ukurasa. Kitinda mimba alisomewa, wa kati akasoma mwenyewe kwa kidole, na kwa kuwa tulizipakua, bando halikuguswa tena. Zipo fupi mno, nyingine zinaisha wakati mtoto ndiyo kwanza ameketi, na kwa mtoto wa miaka 11 nyingi ni nyepesi. Huyo usimpe azisome. Mpe sehemu ya kutunga.

Maana humo unaweza kutengeneza kitabu chako, ukaandika, ukaweka picha, ukakipanga kurasa. Binti yangu alimpigia simu bibi yake, akaweka spika, akamwambia, "Bibi, ile ya sungura na kisima, polepole, naandika." Ilichukua simu tatu. Ya kwanza bibi alisimulia kwa kasi yake ya kawaida, hakuna aliyeandika lolote. Ya pili alisimama kila sentensi kuuliza, "umeandika?" Ya tatu ilikuwa ya kusomewa alichosimulia, na hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu bibi alikataa nusu yake. Sungura hakusema "tafadhali". Fisi hakuwa mjinga, alikuwa na njaa, ni vitu viwili tofauti. Na nani amemwambia kisima kilikuwa na ukuta? Mjukuu akafuta, akaandika upya, akachora kisima bila ukuta, kaka yake akapewa kazi ya kuchora fisi mwenye njaa asiye mjinga, jambo ambalo, ukitaka kujua, ni gumu sana kuchora. Wamejaza karatasi kumi na moja za fisi. Ukurasa wa saba wa kitabu bado uko wazi ukimsubiri.

Kuhusu ile kambi, bado sijarudishiwa ada yangu. Barua pepe ya nne nimeituma jana, nikaambatanisha ukurasa wa daftari wenye zile K.